Usingoje majira ya kuchipua: bustani ya uani kwa kalenda ya Tanga

Ikifika Machi, simu za watu wa Tanga huanza kupokea video za bustani kutoka nchi za mbali. Mtu amevaa glavu na koti jepesi, anageuza udongo mweusi, anawaambia watazamaji kwamba majira ya kuchipua yameingia na huu ndio wakati wa kupanda. Mpwa wangu anayeishi Makorora alinionyesha video moja ya aina hiyo miaka michache iliyopita. "Mjomba, na sisi tupande sasa?" Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa bahari, nikaona mambo yanakwenda sambamba, nikamwambia apande. Akapanda nyanya, karoti na saladi wiki ya mwisho ya Machi. Katikati ya Mei nilikwenda kumtembelea nikakuta vijiti vyeusi vimesimama kwenye tope. Saladi ilikuwa imeota miche mitatu tu, karoti hata kuonekana hazikuonekana. Mpwa wangu akaamini kwamba hana mkono wa kupanda, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mkono wake haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika jibu langu.

Wako wengi waliokata tamaa ya bustani kwa njia hiyo hiyo, wakiwa na ua mzuri, mbegu nzuri na bidii, ila wakifuata kalenda ya mahali pengine. Kwa hiyo tuanze na kalenda, kisha ndipo tushike jembe.

Wenzetu wanangoja nini

Katika nchi kama Uingereza au Ufaransa, kinachozuia mmea kukua miezi ya baridi si ukame. Maji yapo, mara nyingine yamelala juu ya ardhi kama theluji. Kinachokosekana ni joto na mwanga. Udongo umepoa kiasi kwamba mbegu haziamki, na mche laini ukipigwa na jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu, usiku mmoja, asubuhi umekwisha. Tarehe 20 au 21 Machi usiku na mchana hulingana, kutoka hapo siku zinarefuka, udongo unapata joto kidogo kidogo, na mkulima anahesabu siku mpaka jalidi ya mwisho ipite. Ndiyo maana utawaona wanaotesha miche ndani ya nyumba dirishani, wanaitoa nje saa chache kwa siku, wanaifunika jioni. Yote hayo ni mambo ya mtu anayeshindana na baridi.

Sasa njoo Tanga. Tuko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote katika mwaka na siku fupi kuliko zote ni kama nusu saa tu. Usiku wa Julai, ambao bibi zetu wanautolea blanketi, bado una joto la kutosha kuotesha mchicha. Joto kwetu halina msimu wa kuondoka, na mmea haulisubiri. Unachosubiri mmea wa Tanga ni maji, na mara nyingi zaidi ya tunavyokiri, unasubiri maji yapungue.

Nikisema hivyo sina maana kwamba ushauri wa video ni wa uongo. Una ukweli wake kwa mahali pake, na baadhi yake unafaa hata mkoani kwetu, ila juu mlimani. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, ile saladi, ile karoti na ile kabichi ya kufunga vizuri hujisikia nyumbani kule. Mbegu ya saladi ina tabia ya kukataa kuota udongo ukizidi joto la nyuzi 30 hivi, kwa hiyo ukiimwaga mchangani Tanga mwezi Machi inajilalia tu. Karoti unazoziona soko la Mgandini zimeshuka kwa gari kutoka Usambara. Kununua za mlimani na kupanda uani kile kinachopenda pwani ni busara kuliko kulazimisha.

Kaskazi, masika, kusi, vuli

Wazee wa pwani hawakuwa wakihesabu bustani kwa majina ya miezi. Walianza kuhesabu siku kutoka Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili unaoangukia Julai, wakazigawa kumi kumi, kila kumi wakiita mwongo, na mtu alijua mwongo fulani ni wa kufyeka, mwongo fulani ni wa mtama, mwongo fulani bahari inachafuka. Hesabu hiyo imebaki kwa wachache, lakini mantiki yake bado ni sahihi: unaangalia upepo na maji.

Kuanzia Desemba hadi Machi unavuma kaskazi. Ni wakati wa jua kali, na Januari na Februari udongo wa Tanga hukauka mpaka ukatoa vumbi. Upepo unapogeuka, masika yanaingia, kwa kawaida mwishoni mwa Machi, na Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua nyingi kuliko yote kwetu. Kisha upepo wa kusi unashika, hewa inapoa, na Juni hadi Septemba tunapata vimvua vyepesi vya hapa na pale, vile wazee wanavyoviita mchoo. Joto linarudi Septemba, na Oktoba mpaka Desemba tuna vuli. Vuli haina ahadi kama masika. Mwaka wa El Niño, kama 1997 au 2023, huja kwa fujo. Mwaka mwingine hunyesha mara mbili tatu ikakatika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya kila mvua, na kwa mtu wa bustani utabiri wa vuli una faida kubwa kuliko wa masika, kwa sababu ndiyo mvua inayobadilikabadilika zaidi.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Mtu anaona mvua ya kwanza, anafurahi, anapanda kila kitu. Lakini masika ya pwani hayafai kila mboga. Tone la mvua kubwa linapopiga udongo ulio wazi hurusha matope juu ya majani ya chini, na katika matope hayo kuna vimelea vya ukungu. Jani linabaki limelowa kutwa kucha, ukungu unaota. Maji yanayotuama yanafukuza hewa kwenye mizizi, na mzizi usiopumua unaoza. Mvua hiyohiyo inayeyusha chakula cha nitrojeni ulichoweka kwenye samadi na kukishusha chini kusikofikiwa na mzizi mfupi. Juu ya hayo, mawingu ya wiki nzima yanapunguza mwanga. Nyanya hainusuriki katika hali hiyo isipokuwa kwa dawa nyingi, na sioni sababu ya mtu kupuliza dawa nyingi kwenye mboga ya wanawe wakati angeweza kungoja wiki nane.

Nililijua hili vizuri kwa bibi mmoja wa Barabara ya 7 kule Ngamiani, ambaye ua wake hauna ukubwa kuliko chumba cha kulala na haujawahi kukosa mboga. Nilipita kwake mvua za kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ushapanda?"

"Bado, bibi."

"Vyema. Mvua hii iachie tembele na maboga. Nyanya ngoja kwanza, haitaki tope miguuni."

Alikuwa anachomeka vipande vya matembele pembezoni mwa ukuta, kila kimoja urefu wa shubiri na nusu, vifundo vitatu ndani ya udongo na viwili nje, vimelala kwa mshazari. Havina mche wa kubembeleza wala kitalu. Baada ya mwezi mmoja na kidogo alikuwa anachuma.

Mpango wa mwaka, basi, unakwenda hivi. Februari, kabla ya tone lolote, ndiyo wakati wa kutifua, kuchanganya samadi na kuinua matuta, maana udongo mkavu ni mwepesi kufanyia kazi na ukiufanyia kazi ukiwa tope unagandamana kama tofali. Mvua ikianza unachomeka tembele na kisamvu, unapanda kunde kwa ajili ya majani, maboga, na mlonge mmoja kwenye kona. Aprili na Mei unakanyaga bustani kidogo iwezekanavyo. Mwanzoni au katikati ya Mei unaotesha nyanya, pilipili, bilinganya na nyanya chungu kwenye kitalu kilichoezekwa, na mwezi Juni, mvua zinapolegea, unazipandikiza. Miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba, ndiyo majira yetu ya kuchipua kwa kila mboga laini: nyanya, mchicha, figiri, chainizi, sukuma wiki, spinachi, kotimiri. Kama mtu ana nafasi ya kuanza bustani mara moja tu kwa mwaka, ningemwambia aanze Juni. Vuli ni ya bamia, kunde, bilinganya na mchicha tena. Januari unaweza kuendelea na bamia, ambayo jua halisumbui, au ukaipumzisha ardhi chini ya matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo.

Jambo moja dogo kuhusu jua, kwa wale wenye ua wa kuta. Kwetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya mwaka linasogea kaskazini, kwa hiyo ukuta wa mita 2 adhuhuri ya Juni unatupa kivuli cha kama mita moja upande wake wa kusini. Desemba kivuli kinageukia kaskazini. Kona iliyokuwa na jua Januari inaweza kuwa gizani Julai. Kabla ya kuchimba, tazama kivuli kinalala wapi msimu utakaopanda.

Udongo uliokaa juu ya matumbawe

Chini ya sehemu kubwa ya mji wetu kuna chokaa. Mapango ya Amboni yamechongeka ndani ya mawe ya chokaa, Pongwe kunachimbwa malighafi ya saruji, na ukielekea Raskazone au Mwambani jembe linagonga matumbawe kabla hujafika kina cha goti. Juu yake kuna mchanga, mwepesi na usioshika maji. Ukielekea bara, Muheza, udongo unakuwa mwekundu na mzito zaidi.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu chokaa hufunga madini ya chuma. Chuma kimo udongoni lakini mzizi hauwezi kukinywa. Ukitaka kujua kama ua wako una chokaa, chukua udongo mkavu kiganjani, weka kwenye kisosi, mwagia siki ya jikoni. Inama usikilize. Udongo wenye chokaa utachemka povu dogo na kutoa sauti ya kuchirizika kama soda iliyofunguliwa. Udongo wa Raskazone nilioujaribu ulitoa povu hata kabla siki haijazama.

Ukiona povu, usithubutu kuongeza chokaa wala majivu mengi ya jikoni, ingawa kuna watu watakuambia majivu ni mbolea. Ni mbolea kweli kwa udongo wenye tindikali. Kwa udongo wa matumbawe unaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Dawa yake ni mboji na samadi kwa wingi, kila msimu. Anayetaka vipimo kamili, kituo cha utafiti cha Mlingano kilichoko wilaya ya Muheza ndicho kinachoshughulikia utafiti wa udongo pamoja na mkonge, na hakiko mbali.

Majani yenyewe pia yanasema, ukijifunza kuyasoma. Jani kuukuu la chini likianza kugeuka njano lote kwa pamoja, mmea una njaa ya nitrojeni, na baada ya masika ni jambo la kawaida kwa sababu mvua imekizoa chakula. Ongeza samadi iliyoiva pembeni mwa shina. Lakini ikiwa ni jani jipya la juu lililogeuka njano huku mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito, hiyo ni njaa ya chuma iliyoletwa na chokaa. Nimeona watu wakimwaga mbolea ya chumvichumvi mkono mzima kwa jani la namna ya pili, mmea ukazidi kudhoofika, kwa sababu walitibu njaa isiyokuwepo.

Samadi Tanga haina shida. Huu ni mji wa maziwa, ng'ombe wamo mpaka mitaani, na wafugaji wengi wanatafuta mtu wa kuwaondolea kinyesi. Shida ni haraka. Samadi mbichi, hasa ya kuku, ina nguvu inayounguza mizizi. Iliyoiva haina harufu kali, haina joto ukiingiza mkono katikati ya rundo, na inafanana na udongo. Ukiwa na wasiwasi, jaza kopo moja, nyunyiza mbegu chache za mchicha, mwagilia. Baada ya siku tano au sita zikiwa zimeota na kusimama kijani, samadi iko tayari. Zikiungua ncha, irudishe kwenye rundo mwezi mwingine. Kipimo changu ni debe moja kwa kila mita 2 za mraba, likichanganywa kwenye sentimita 20 za juu, na kwa mchanga mtupu ninaweka debe moja na nusu.

Makumbi ya nazi ni matandazo mazuri sana, yanashika maji na kuchelewa kuoza, lakini angalia yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba yamekunywa maji ya bahari. Yaache yapigwe na masika mazima kabla hayajafika bustanini.

Umbo la tuta linafuata msimu. Kwa masika liinue shubiri moja juu ya njia ili maji yashuke. Kwa kiangazi fanya kinyume, tuta la mbonyeo, lililozama kidogo na kuzungushiwa kingo, ili kila kata ya maji ibaki pale ulipoimwaga. Upana usizidi mita moja, maana mkono unatakiwa ufike katikati bila mguu kukanyaga.

Maji, na chumvi yake

Maji ya bomba ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, yametokea misitu ya Usambara, na ni matamu. Wenye visima karibu na bahari wanajua hadithi nyingine. Kisima cha pwani huzidi chumvi kiangazi, kwa sababu maji matamu yanapungua na ya bahari yanasogea. Dalili utaiona kwenye jani: kingo zinakauka hudhurungi kama zimepitishwa motoni, na juu ya udongo unabaki ukoko mweupe. Maharage, vitunguu na karoti hawayawezi kabisa maji hayo. Spinachi inayavumilia vizuri, nyanya kwa kiasi. Kama huna maji mengine, mwagilia mara chache lakini kwa wingi kila mara, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, na usimwagie majani. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kwa maji ya chumvi ndiko kunakoirundika juu.

Kiasi kinakadirika bila kubahatisha. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Siku ya jua la kwetu, mboga na udongo wake hupoteza kiasi cha milimita 5, kwa hiyo tuta la mita 1 kwa 3 linataka lita 15, yaani robo tatu ya ndoo kubwa. Hesabu hiyohiyo inakuonyesha utajiri wa paa. Bati la mita 5 kwa 4 likipata mvua moja ya milimita 30 linakupa lita 600, mapipa matatu. Yafunike kwa chandarua au mfuniko, usifuge mbu wa dengi kwa kisingizio cha bustani.

Kuna ugonjwa mmoja wa nyanya ambao ni wa maji tu, na nimeona watu wakiununulia dawa mara tatu. Tunda linaanza kuiva, kitako chake kinaweka doa jeusi lililobonyea, kavu kama ngozi. Si ukungu wala si mdudu. Tunda limekosa madini ya kalisi (kalsiamu) wakati likikua, na kwa udongo wa matumbawe kalisi imejaa tele. Kilichokosekana ni maji ya kuipandisha, kwa sababu mwenye bustani alimwagilia sana siku mbili kisha akasahau siku nne. Weka matandazo, mwagilia kwa mpangilio, matunda yatakayofuata yatatoka safi.

Tuta la kwanza

Anza na tuta moja. Nasema hivi kwa msisitizo wote nilio nao, kwa sababu bustani nyingi za Tanga hufa kwa ukubwa. Asiye na ardhi ajaze udongo, samadi na mchanga katika viroba viwili na ndoo kuukuu zilizotobolewa chini.

Mboga ya kujifunzia ni mchicha. Mbegu zake ni ndogo kama baruti, ukizimwaga peke yake zinarundikana, kwa hiyo changanya kiganja kimoja cha mbegu na viganja kumi vya mchanga mkavu, ndipo upitishe kwenye mistari yenye kina cha ncha ya kidole, ukifunika kwa udongo mwembamba. Funika kwa makuti mpaka zichomoze, siku ya tatu hadi ya tano, kisha uyaondoe siku hiyohiyo, la sivyo miche itarefuka na kuwa mieupe. Baada ya wiki tatu au nne unang'oa iliyosongamana, unapika, na iliyobaki unaikata juu ya vifundo viwili vya chini ili ichipue tena.

Kitaluni adui ni kinyausi. Mche unaoonekana mzima jioni, asubuhi umelala, na ukiutazama kwa karibu shina lake pale linapogusa udongo limesinyaa likawa kama uzi uliolowa. Huo ni ukungu wa udongoni unaopenda msongamano na maji ya jioni. Punguza miche, mwagilia asubuhi, acha upepo upite. Uliokwisha kulala hauinuki.

Vidukari utavikuta chini ya majani ya kunde, na mara nyingi sisimizi wanapanda na kushuka shinani. Wanavilinda vidukari kwa ajili ya majimaji matamu wanayotoa, kwa hiyo mfuate sisimizi utamkuta mgonjwa. Maji yenye sabuni kidogo, kupigwa chini ya jani, yanatosha wakiwa wachache. Mwarobaini pia: twanga mbegu au majani, loweka usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni. Jioni ni muhimu kwa sababu jua huiharibu nguvu yake. Konokono wa masika waokote usiku kwa tochi. Kuku ndio waharibifu wakubwa kuliko wote hawa, na dawa yao ni uzio kabla ya mbegu.

Nyanya au bilinganya ikinyauka mchana ikiwa kijani, na maji yapo, kata kipande cha shina urefu wa kidole, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usiitikise. Ndani ya dakika chache, kama ni mnyauko wa bakteria, utaona nyuzi nyeupe za maziwa zikishuka kutoka kwenye jeraha. Mara ya kwanza nilipoziona kwenye glasi nilielewa kilichowaua wale vijiti vyeusi vya Makorora. Hakuna dawa. Ng'oa na uchome moto, na kwa miaka kadhaa sehemu ile usirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala pilipili, maana wote ni ndugu na bakteria huyo anakaa udongoni akiwasubiri.

Na ukiwang'oa bamia waliodumaa, tazama mizizi. Vifundo vilivyovimba ndani ya mzizi wenyewe, visivyobanduka, ni minyoo fundo, wanaopenda mchanga wetu. Usivichanganye na vifundo vya kunde: hivyo vimeshikilia pembeni, unavibandua kwa ukucha, na ukivipasua ndani ni vya waridi. Hivyo vinatengeneza nitrojeni, viache udongoni.

Mpwa wangu alianza upya Juni iliyofuata, tuta moja, mchicha na mistari miwili ya nyanya. Mwezi wa Agosti alinitumia picha ya sinia. Mchicha mmoja, ulio mnene kuliko yote, aliambiwa asiukate. Aliuacha ukatoa masuke, akangoja yakauke mpaka ukiyafikicha kiganjani mbegu zinadondoka nyeusi na kung'aa, akayapukutisha juu ya kanga, akazianika kivulini siku mbili. Akazitia kwenye chupa kavu pamoja na majivu kidogo, akaifunga, akaandika mwezi juu yake kwa kalamu ya wino, akaiweka rafu ya juu mbali na jiko, zingoje vuli.